Vikadi vya kuhifadhia sarafu: navipa nyota nne

Nauza matunda Majengo, hapa Dodoma, kwa hiyo jero, sarafu za shilingi mia tano, zinapita mkononi mwangu kutwa nzima bila kuzitazama. Jero hii moja niliigundua kwa kidole kwanza: sehemu moja ya ukingoni laini, haina nakshi. Kuitazama, nyati kasogea pembeni hadi mwili wake umekatwa na ukingo, na upande aliotoka kumebaki nafasi tupu mfano wa mwezi mwandamo. Kugeuza, picha ya Mzee Karume nayo imehama. Nikajua hii si kazi ya nyundo, ni kosa la kiwandani. Sarafu iliyogongwa mtaani nakshi zake huvurugika, hazihami pande zote mbili kwa pamoja zikiwa safi namna ile.

Jirani yangu sonara akaitamani. "Dogo, lete niisugue na ndimu iwake."

"Hapana mzee wangu, iache na uchafu wake."

Jero ni chuma kilichopakwa nikeli. Ukisugua nikeli ikatoka, kutu inaanza, na anayekusanya sarafu hataki hata kuiona.

Sasa bidhaa yenyewe. Nilianza na vile vikopo vya plastiki ngumu vya mviringo, kwa sababu kwenye picha vinapendeza. Havikufunga! Kumbe ina sababu. Kiwandani, kipande cha chuma hukaa ndani ya pete wakati mihuri inakibana, na pete ndiyo inayokifanya kiwe duara kamili. Kikitua kando, pete haikizuii, chuma kinatanuka. Jero yangu imekuwa yai kidogo, na vikopo vinatengenezwa kwa ajili ya sarafu za duara kamili. Muuzaji wa mtandaoni aliyeniuzia, nilipomweleza, akaniambia nibonyeze kwa nguvu. Sikumjibu.

Vikadi ndivyo vilivyoniokoa: karatasi ngumu ya mraba, inakunjwa katikati, ina dirisha la plastiki angavu pande zote mbili. Unaweka sarafu, unakunja, unapiga pini za stepla pembeni. Plastiki inajilaza kufuata umbo lolote, na unaona pande zote bila kuigusa tena. Mimi nimechukua dirisha la milimita 30, jero inakaa na nafasi ya kupumua. Pini zibonyeze na koleo zilale kabisa, la sivyo zitakwaruza kadi iliyo pembeni yake. Na futa vumbi kwanza kwa kupuliza tu. Vumbi letu la kiangazi lina mchanga, ukiifuta na kitambaa unachora.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu pakiti haiandiki plastiki ni ya aina gani. Inayotakiwa ni maila (Mylar), plastiki ya poliesta. Ile laini yenye harufu kali, ya PVC, baada ya muda hutoa asidi na kuacha utando wa kijani unaonata kwenye sarafu. Mimi hunusa kabla ya kulipa. Ikinuka kama pazia jipya la bafuni, mrudishie mwenyewe.