Kliniki ya moyo mjini Moshi: daktari anaufuata mwongozo, simu haipokelewi

Kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikimpeleka mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, kutoka Kibosho hadi kliniki ya moyo ya hospitali moja mjini Moshi, ambayo siitaji jina kwa sababu bado tunatibiwa hapo. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kuwa moyo wake umetanuka na hausukumi damu kwa nguvu inayotakiwa.

Jambo la kwanza lililonivutia ni upimaji wa presha. Tulikozoea, mgonjwa hufungwa mkanda juu ya sweta na namba ikaandikwa huku akiendelea kujieleza. Hapa muuguzi alimkalisha mama kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, akamwacha apumzike dakika 5, akaulaza mkono wake mezani usawa wa moyo, kisha akapima mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa 158 kwa 92. Mara ya pili 144 kwa 86. Mama alipotaka kueleza habari za magoti yake katikati ya kipimo, aliambiwa kwa upole, "Subiri kidogo, bibi, maneno nayo yanapandisha presha."

Miongozo ya sasa, ukiwemo ule wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2021, inataka mgonjwa mwenye hali kama yake apewe makundi manne ya dawa, na dozi ipandishwe hatua kwa hatua. Kavediloli, kwa mfano, dawa inayopunguza kasi ya mapigo ya moyo, huanza na miligramu 3.125 mara mbili kwa siku na kuongezwa maradufu kila baada ya wiki mbili, hadi kufikia 25 kama mgonjwa anastahimili. Mama aliishia 12.5, kwa kuwa mapigo yalishuka hadi 52 na akawa anapata kizunguzungu kila anapoinuka. Daktari hakumlazimisha kuifikia namba iliyochapwa. Aliandika kwenye kadi sababu ya kusimama hapo, na daktari mwingine aliyetupokea mwezi uliofuata aliisoma na hakuanza upya. Kwangu mimi, mstari ule mmoja wa kalamu una thamani kuliko mabango yote yaliyobandikwa ukutani.

Kisha likaja suala la ndizi. Mama anatumia spironolaktoni, dawa inayoweza kupandisha potasiamu, na damu yake ilipopimwa ilikutwa na 5.6, kiwango kilichopita kawaida. Daktari alipunguza dozi kwa nusu, akaagiza damu ipimwe tena baada ya wiki moja, kisha akauliza kuhusu supu yetu ya ndizi, "Mama, mtori unakula mara ngapi?" Akajibiwa, "Mwanangu, mimi ni Mchaga, ulitaka nile nini?" Walikubaliana mara moja kwa siku, badala ya asubuhi na jioni. Sidhani kama mwongozo wowote wa Ulaya umeutaja mtori, lakini daktari asiyeuliza swali hilo huku kwetu atahangaika na dozi bila kujua potasiamu inatoka wapi.

Foleni ni ndefu: ukifika saa kumi na mbili asubuhi, unaweza kumwona daktari saa tano. Dawa ya kundi la nne, dapagliflozini, imekosekana mara mbili katika duka la dawa la hospitali, tukalazimika kuinunua mjini.

Kasoro kubwa, hata hivyo, ni ya simu. Tuliagizwa kumpima mama uzito kila asubuhi, na akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu tupige simu mara moja, maana hiyo ni dalili ya maji kujaa mwilini. Aliongezeka. Nilipiga tangu saa mbili hadi saa sita bila kupokelewa, nikambeba hadi hospitalini na tukakaa kwenye foleni ileile. Alipoonwa alihudumiwa vizuri sana, dawa ya kukojoza maji ikaongezwa siku hiyohiyo. Muuguzi wetu, kwa wema wake, ametupatia namba yake binafsi, nasi tunaitumia. Lakini mwezi ujao anakwenda likizo.