TAHADHARI LUBUMBASHI: Huyu anayejiita fundi wa kompteri anauza namba tu

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hasa mnaoendesha Toyota za miaka ya tisini kama Noah, Ipsum, Carina na Prado, kaeni macho. Kuna mtu anazunguka magarajini na kwenye paki za teksi akisema anarekebisha kompteri ya mwendo (ile saa ya dashibodi inayoonyesha mwendo na kilomita) iliyokufa au inayodanganya. Anaifungua kwenye dashibodi, anaondoka nayo, kesho yake anairudisha na kudai dola 60. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na magari aliyoyagusa yanaishia kwangu. Inaniuma kuona watu wanaliwa pesa, halafu wanashika barabara ya Likasi na mshale unaosema uongo.

Jueni kwanza kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Katika mengi ya magari haya hakuna tena ule waya mrefu unaozunguka toka giaboksi hadi dashibodi. Pale kwenye giaboksi kuna sensa, yaani kifaa cha kupima mzunguko, inayozungushwa na kigia kidogo cha plastiki, na kila inapozunguka inatuma mipigo ya umeme. Toyota nyingi za wakati ule zinatuma mipigo 4 kwa mzunguko, na kipimo cha Kijapani ni mizunguko 637 kwa kilomita. Hiyo ni mipigo 2,548 kwa kila kilomita. Ukiwa kwenye 60 kwa saa, kompteri inapokea mipigo kama 42 kila sekunde. Inaihesabu, inainua mshale, basi.

Sasa mtu atarekebishaje mwendo bila hata kuuliza ukubwa wa tairi? Kompteri haioni tairi, inaona mipigo tu. Prado inayotakiwa kuvaa tairi ya 265/70R16 ukiivisha 265/75R16 iliyo ndefu zaidi, kila mzunguko wa gurudumu unakupeleka mbele zaidi: mshale unasema 100, kumbe uko 103. Marekebisho ya kweli ni kubadilisha kile kigia cha plastiki uweke chenye idadi nyingine ya meno, au kufunga kifaa kinachopunguza au kuongeza mipigo kabla haijafika kwenye kompteri, kisha kutoka barabarani na kulinganisha na GPS ya simu. Huyu hatoki barabarani hata siku moja.

Anachokijua ni kingine. Nyuma ya kompteri ya dijitali kuna chipu ndogo ya kumbukumbu, mara nyingi ya miguu 8, inayotunza kilomita zote ulizotembea. Anaifuta na kuiandika upya. Mama mmoja aliniletea Noah aliyoinunua ikiwa imeshapita mikononi mwake. Kompteri inasoma kilomita 68,000. Nikanyanyua kiti cha mbele, maana injini iko chini yake, na kwenye kifuniko cha mkanda wa taimingi bado ilikuwapo stika ya Kijapani: mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 101,000. Mama wa watu alilipia gari kwa bei ya zile 68,000.

Anauza pia kiboksi cheusi, dola 25, eti kinasawazisha mwendo. Nilikipasua kimoja. Waya umeingia upande huu na kutokea upande wa pili, katikati kuna rezista moja, kile kipande kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme, imezamishwa kwenye gundi ngumu. Hakuna kinachohesabu chochote mle.

Na madhara hayaishii kwenye mshale. Katika Toyota nyingi mawimbi ya mwendo, yaani ile mipigo, yanapita kwenye kompteri kwanza, ndipo yanafika kwenye kompyuta ya injini. Akishaharibu njia hiyo, gari la otomatiki linaanza kubadili gia vibaya, taa ya O/D (gia ya juu, overdrive) inawakawaka, na ukisoma kodi ya hitilafu unakuta 42, yaani sensa ya mwendo. Mwenye gari anaambiwa giaboksi imekufa!

Mshale ukifa, mara nyingi kosa ni dogo: kigia kimekatika meno, waya umeoza, au solda ya nyuma ya kompteri imepasuka. Mwambie fundi anyanyue gurudumu moja linalosukumwa na injini (kwenye Noah na Prado ni la nyuma), alizungushe polepole huku ameshika voltimita kwenye waya wa mawimbi. Namba zikipanda na kushuka, sensa ni nzima. Asiyeweza kukufanyia hivyo mbele ya macho yako, msimpe kompteri aondoke nayo.

Kabla ya kulipa yeyote, mpandishe garini. Shika 60, kisha 80, bila kuyumba, mahali tambarare, simu ikiwa wazi. Mshale kuzidi GPS kidogo si kosa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inaruhusu uzidi hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kuwa chini ya mwendo halisi hairuhusiwi kabisa. GPS ikizidi mshale, usitoe pesa.

Kwa waliokwisha kumpa gari: dai kompteri yako ya kwanza leo hii, kwa sababu nyingine anazibakiza na kumfungia mteja mwingine. Kilomita za kweli za gari lako ziko ndani ya ile.