Uzoefu wangu: maandalizi ya safari ya kuwinda na kuvua Greenland na mwongozaji

Nimezaliwa Sahare, Tanga, baba yangu mvuvi, na huu ni mwaka wangu wa 14 Denmark. Agosti 2023 nilikwenda Kangerlussuaq, kijiji cha magharibi mwa Greenland, siku saba na mwongozaji mwenyeji, nikiwa na shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka nyumbani. Mimi kuwinda na kuvua, yeye kuvua tu. Gharama kwa mtu mmoja ilizidi mshahara wangu wa mwezi, na tiketi ya ndege kutoka Copenhagen ni juu yako. Kampuni sitaitaja. Naipa nyota nne kwa tano, na ile moja iliyopungua nitaieleza, kwa sababu ilinikaa miguuni na mabegani.

Nianze na viza, maana hapa watu wa kwetu wanaweza kukwama wakiwa wameshalipa. Greenland ni sehemu ya Ufalme wa Denmark lakini haimo ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya kawaida ya Schengen haikuingizi kule, lazima iandikwe wazi kwamba inatumika Greenland. Kampuni ilitueleza hili katika barua ya kwanza kabisa, miezi mitano kabla ya safari, na ndiyo iliyomwokoa shemeji: aliliomba tangu mwanzo na akapata. Barua hiyohiyo ilitaka bima inayolipia kuokolewa kwa helikopta, na ikatushauri tusipange shughuli yoyote ya lazima siku mbili baada ya kurudi. Ukungu ukishuka kule ndege hairuki, hata uwe na haraka ya namna gani.

Orodha ya nguo ilikuwa ya kurasa mbili na imeandikwa na mtu anayejua baridi. Jambo kubwa lilikuwa moja: pamba iache nyumbani. Shemeji alikuwa na jinzi mbili na fulana nzuri za pamba, akaniuliza, "Shemeji, hizi nazo zina kosa gani?" Kosa lake ni kwamba pamba ikilowa haikauki, inakaa mwilini na kunyonya joto lako. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inakutunza. Basi tukanunua fulana za ndani za sufu ya kondoo mbilimbili, sweta nene, na koti la juu la kuzuia upepo na mvua. Mwongozaji alitupigia kwa video wiki mbili kabla, akataka tumwoneshe kila nguo mbele ya kamera. Jaketi langu alilikataa. Lilikuwa linachakarisha kila nikikunja mkono, na mnyama angelisikia kabla hajaniona. Simu hiyo ya dakika 40 kwangu ilikuwa na thamani kuliko orodha yote.

Alituambia pia tubebe chandarua cha kichwa. Shemeji alidhani amesikia vibaya, chandarua kwenye nchi ya barafu! Mbu wa kule hutesa zaidi Juni na Julai, na Agosti kuna visubi wanaoingia machoni na puani pale upepo ukitulia. Tulivitumia vyandarua siku nne kati ya saba.

Sasa kasoro. Kuhusu mwili, barua yote ilikuwa na sentensi moja: uwe na afya nzuri. Kuhusu viatu: mabuti imara yasiyopitisha maji. Basi. Nilinunua mabuti mazuri wiki tatu kabla ya safari, nikayavaa mara nne. Siku ya pili visigino vyote viwili vilikuwa na malengelenge, na siku ya tatu, siku ya kuwinda, nilitembea na plasta zilizokuwa zikibanduka kila nikikanyaga tope. Kampuni inayopokea wageni kila mwaka inalijua hilo vizuri kabisa. Ilipaswa kuandika: nunua miezi mitatu kabla, tembea navyo na mzigo mgongoni, panda milima. Denmark hakuna mlima, kilele chake cha juu hakifiki hata mita 200. Ningejua, ningepandisha ngazi za jengo letu na gunia la mchele la kilo 20 kila jioni.

Mzigo wenyewe ni nyama. Mnyama niliyemfuata wenyeji wanamwita umimmak, mwenye ndevu; kwa Kiingereza ni muskox. Ukimwona kwa mbali utasema nyati aliyevishwa blanketi refu mpaka magotini, kumbe kwa ukoo yuko karibu na kondoo na mbuzi. Asili yake si upande ule. Walihamishwa 27 kutoka kaskazini mashariki mwa Greenland mwaka 1962 na 1965, wakaachiliwa hapo Kangerlussuaq, na leo ni maelfu. Kundi likiogopa halikimbii, linajipanga duara, pembe nje na ndama ndani. Mbinu hiyo inawafaa dhidi ya mbwamwitu. Kwa mwindaji maana yake ni kusubiri, kwa sababu huwezi kupiga wakati mmoja amesimama nyuma ya mwingine.

Tulilala kifudifudi juu ya majani yaliyolowa karibu saa nzima, upepo wa kutoka kwenye barafu kuu inayofunika sehemu kubwa ya Greenland ukitupiga usoni. Barafu hiyo iko kilomita 25 tu kutoka kijijini. Tumbo langu lilikuwa limelowa lakini si baridi, na hapo nikaelewa kwa nini tuliambiwa habari ya sufu.

Bunduki nilikwenda na ya kwangu, kwa sababu nina leseni ya uwindaji ya Denmark. Kampuni inakodisha pia. Ukibeba yako, risasi zinakwenda kwenye mzigo wa chini, kwenye kisanduku chake, zisizidi kilo 5, na shirika la ndege lijulishwe mapema. Asubuhi ya kwanza kabla ya kitu chochote mwongozaji alitupeleka kupima shabaha. Darubini ya bunduki yangu ilikuwa imesogea njiani, risasi ya kwanza ikaenda kulia upana wa kiganja. Asingetupeleka, ningemjeruhi mnyama badala ya kumuua, na hilo ningelijutia sana.

Kwa Waislamu wenzangu: nilimwandikia mwongozaji mapema kwamba nitasema Bismillah ninapofyatua, na kwamba mnyama akikutwa bado hai nitamchinja mwenyewe. Alijibu siku ileile, nilete kisu changu kikali. Pia niliandika hatuli nguruwe, na siku zote saba chakula kilikuwa samaki, nyama ya mawindo, mkate na uji. Sikuhitaji kukumbusha.

Dume lilianguka kwa risasi moja. Kuchuna na kukata kulituchukua saa tatu, kisha kila mtu akabeba karibu kilo 30 kwa kilomita sita hadi kwenye boti, tukarudi tena kufuata iliyobaki. Mwongozaji haachi nyama porini, na namheshimu kwa hilo. Mzunguko wa pili nilikuwa nahesabu hatua 50, napumzika, 50 tena. Shemeji, ambaye hata kuwinda hakuja, alibeba paja zima bila kunung'unika. Ni mtu aliyezoea kupandisha ngalawa mchangani.

Uvuvi ndio uliokuwa furaha yake. Mto unaopita kijijini unatoka kwenye barafu, maji yake meupe kama maji ya mchele, na humo huvui. Tulipelekwa kwa boti mbali kwenye ghuba, hadi kijito cha maji maangavu kinachotoka ziwani. Samaki ni eqaluk (kwa Kiingereza Arctic char), wa ukoo wa samoni, anayepanda kutoka baharini majira ya kiangazi. Wale waliokaa mtoni muda mrefu tumbo lao ni jekundu kama pilipili iliyoiva. Orodha ilitaka fimbo nyepesi, vijiko vidogo vya kung'aa vya kumvutia samaki, na ndoano zisizo na kijino ili samaki unayemrudisha majini asichanike. Ilisahau glavu zilizo wazi vidoleni. Maji yale yanaua vidole ndani ya dakika mbili, na huwezi kufunga fundo la mshipi kwa vidole usivyovisikia. Tuliazimwa jozi moja, tukapokezana.

Shemeji alikuwa amekuja na mshipi wake wa mkono kutoka Tanga, umezungushwa kwenye kipande cha mti. Aliomba ruhusa, mwongozaji akakubali. Alitupa mara tatu, nne, akiuvuta taratibu kwa ncha za vidole kama anavyofanya usiku kwa kolekole. Mara ya tano mshipi ukakaza. Mwongozaji aliweka fimbo yake chini, akasogea kutazama mikono ile inavyofanya kazi. Babu yake, alisema, alivua hivyohivyo.

Atakayefuata aulize maswali haya kabla ya kutoa hata arbuni: nitabeba kilo ngapi, umbali gani, juu ya ardhi ya namna gani? Mwongozaji atafanya nasi simu ya video? Nimewaandikia kampuni kuhusu sehemu ya viatu na mazoezi, wakajibu kwa adabu kwamba wataipanua. Mabuti yaleyale ninayo bado. Yako mlangoni, nayavaa kila niendapo dukani.