Divine ya asilimia 70: ladha ile ile, wenye mali wamebadilika

Jumamosi iliyopita niliinunua tena chokoleti ya Divine kwenye duka la Oxfam, lile shirika la hisani, hapa Birmingham, Uingereza, na nikaimaliza kabla basi halijanifikisha nyumbani. Ni pakiti ya gramu 90, chokoleti nyeusi, kakao asilimia 70. Uchungu wake haukwaruzi koo. Unaanza kama zabibu kavu, halafu unakaa ulimini muda mrefu baada ya kumeza. Nimekuwa mteja wake zaidi ya miaka kumi na sijawahi kupata iliyochuja.

Mimi ni mtoto wa Kyela, Tanzania. Baba analima kakao chini ya migomba, na harufu ya mbegu zilizovundikwa naijua tangu sijaanza shule. Mwaka 2018 nilimpelekea pakiti mbili. Zilifika zimelainika kwa joto la kwetu, tukaomba nafasi kwenye friji la jirani. Zilipokaza, baba alichukua kipande, akakinusa kwanza, akakiweka ulimini, akafumba macho. "Hawa wanavundika siku sita, mwanangu," akasema. "Hawana haraka." Kwa mkulima wa kakao hiyo ni sifa kubwa, maana mbegu ikianikwa kabla haijaiva kwenye majani ya migomba, kiwanda hakiwezi tena kuirudishia harufu.

Halafu akauliza wakulima wenyewe wanapata nini, nami nikafurahi kumjibu. Nilimweleza kuhusu Kuapa Kokoo, ushirika wa Ghana ulioanza mwaka 1993, ambako wanakijiji humchagua mwenzao awe ndiye anayewapimia kakao. Hapo baba aliniomba nirudie. Yeye amewahi kuuza kwa mnunuzi ambaye mizani yake ilikula kilo kwenye kila gunia, na hakuwa na pa kulalamika. Nikaendelea: mwaka 1997 wanachama walipiga kura wawe na kampuni yao ya chokoleti, ndiyo hii ya Divine, mwaka 1998 ikafunguliwa Uingereza, na mwaka 2006 The Body Shop, kampuni ya vipodozi, ikawapa hisa zake za Divine, wakafikisha asilimia 45. "Karibu nusu ya kampuni ni yao, baba, na wana viti kwenye bodi."

Maneno hayo leo siwezi kuyasema hivyo. Mwaka 2020 Weinrich, kampuni ya familia ya Ujerumani ambayo tayari ndiyo iliyokuwa ikitengeneza chokoleti yenyewe, ilichukua hisa nyingi zaidi. Kuapa Kokoo wakabaki na asilimia 20.

Nimelifikiria sana jambo hili, na sitaki kumlaumu mtu. Biashara ya chokoleti inakula fedha. Kakao unailipia mapema, maduka makubwa yanakulipa baadaye, na rafuni unapambana na makampuni yanayoweza kushusha bei mpaka wewe uishiwe pumzi. Ushirika wa wakulima hauna mtaji wa kuziba pengo la namna hiyo kila mwaka. Kama ilibidi aje mwenye fedha, afadhali aliyeijua kakao yao kwa miaka kuliko mfuko wa wawekezaji unaotaka kuuza tena baada ya muda mfupi. Hilo nalikubali kwa moyo mweupe.

Lakini asilimia 45 na asilimia 20 ni vitu viwili tofauti kabisa. Nembo ya Fairtrade, yaani biashara ya haki, bado ipo kwenye pakiti, na nyongeza yake ya dola 240 kwa kila tani inaufikia ushirika wowote wa wakulima wenye cheti chake unapouza kwa masharti hayo, hata usiomiliki kitu. Hisa ndizo zilizokuwa zinamtofautisha mkulima huyu na wengine wote. Mwenye karibu nusu ya kampuni anasikilizwa akisema hapana. Mwenye sehemu moja kati ya tano anategemea mwenziwe awe mwema. Ningependa kuona hesabu hiyo imeandikwa kwenye karatasi ya pakiti, kwa herufi zinazosomeka, pembeni ya zile alama nzuri za adinkra, za jadi ya Ghana. Mteja anayelipa zaidi kwa sababu ya wakulima ana haki ya kuijua bila kutafuta.

Kuhusu aina nyingine: ile ya tangawizi ni nzuri sana kwa chai ya jioni. Ya maziwa ni tamu mno kwangu, ila watoto wa dada yangu hawaachi hata chembe. Bei imepanda tangu kakao ivuke dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, na sinung'uniki, kwa kuwa najua kazi iliyomo ndani ya tunda moja.

Naipa nyota nne. Desemba naenda Kyela, nimeshanunua pakiti mbili na safari hii nitazifunga kwenye kitambaa chenye barafu. Najua baba atainusa, atafumba macho, kisha ataniuliza kama wale wenzake wa Ghana bado wana karibu nusu yao. Nitamwambia ni asilimia 20, na nitakaa nimsikilize.