TAHADHARI: Mapipa "ya juisi" wanayouziwa wavunaji wa maji ya mvua

Mvua zikikaribia, wauzaji wa mapipa yaliyotumika hujitokeza kwa wingi. Wana mapipa ya plastiki ya lita 200 na matangi ya IBC, yale ya lita 1000 yenye kizimba cha chuma, kwa bei ya kuvutia, na maneno ni yale yale: "Lilikuwa la juisi, nimeshaliosha." Baadhi yalibeba viuatilifu (dawa za kuua wadudu na magugu), viyeyushi, mafuta ya mitambo au asidi, na muuzaji ama hajui ama hataki kusema.

Ukimbana atakuonyesha pembetatu yenye namba 2 chini ya pipa. Usikubali huo kuwa ushahidi. Namba hiyo inataja aina ya plastiki tu, na plastiki hiyo hiyo hutengenezewa madumu ya maziwa na mapipa ya dawa za magugu. Hata alama ya glasi na uma inasema chombo kilitengenezwa kifae kwa chakula. Kilibeba nini baada ya kutoka kiwandani, haisemi. Ukiona herufi "un" ndani ya duara, kisha maandishi kama 1H1/Y, jua liliidhinishwa kusafirishia bidhaa hatari. Si lazima liwe lilibeba sumu, ila hapo maelezo ya mdomo hayatoshi kabisa.

Kuosha hakukuokoi. Plastiki hii hufyonza mafuta na viyeyushi hadi ndani ya kuta zake. Sabuni huondoa kilicho juu. Kilichozama hutoka polepole, wiki baada ya wiki, na kuingia kwenye maji yako, hasa pipa likishinda juani. Klorini huua vijidudu, kiuatilifu hukiacha palepale, na kuchemsha si dawa yake. Tena kumimina jiki kwenye mabaki ya asidi au amonia huzalisha gesi ya sumu. Ile kanuni ya kusuuza mara tatu chombo cha kiuatilifu ni ya kukiandaa kitupwe au kirejeshwe kwa usalama, wala haikigeuzi kuwa chombo cha maji.

Kabla ya kulipa, tazama rangi. Pipa lililopakwa rangi mpya upande mmoja lipitishie kiganja: mara nyingi utahisi gundi ya lebo iliyobanduliwa, au kuona mstatili ambao haukupauka kama sehemu nyingine. Kisha fungua kizibo, uzungushe kitambaa cheupe kwenye meno yake na chini ya mpira, kwani hapo muoshaji hafiki. Kikitoka na rangi au utelezi, ondoka. Kwenye IBC, fungua koki ya chini; ndani yake hubaki kiasi cha kilichokuwamo. Usiingize pua tunduni, vuta hewa kwa mkono kuelekea usoni. Harufu ya dawa au mafuta inatosha kukataa. Kukosa harufu hakutoshi kukubali, maana sumu nyingi hazinuki.

La kununua ni lile lenye lebo yake ya asili ya chakula, kutoka kwa aliyemimina mwenyewe chakula kilichokuwamo. Ukilikosa, chukua pipa moja jipya badala ya matano ya kubahatisha. Paa la mita za mraba 30, mvua ya milimita 10, toa asilimia 20 inayopotea: lita 240. Pipa jipya moja linajaa kwa mvua moja ya namna hiyo.

Ambaye keshanunua asilitumie kwa kunywa, kupika, kuoga, mifugo wala mboga. Asilichome moto. Asilikate kwa grainda: mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche moja. Aandike ubavuni kwa herufi kubwa SI LA MAJI, mtu mwingine asije akalichukua na kuliuza tena.