Kuweka ethi kwenye fleti ya zamani Upanga: uzoefu wangu na fundi, rodi na RCD

Fleti iko Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, jengo la zamani. Soketi zote ni za pini tatu, ila tundu la juu, lile la ethi (waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja), halikuwa limeungwa na ardhi. Friji ilikuwa inapiga ukiigusa ukiwa peku, na laputopu ya bodi ya chuma inatekenya vidole ikiwa kwenye chaji. Kazi nilimpa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Naandika kwa kirefu kwa sababu watu wengi wa Upanga, Ilala na Kariakoo wanaishi kwenye majengo ya aina hii, na wengi wanachomewa rodi moja (fimbo ya chuma iliyopakwa shaba) ardhini wakaambiwa kazi imeisha. Haijaisha.

Kwanza chanzo. Majengo mengi ya zamani mjini yalipitishiwa nyaya ndani ya paipu za chuma, na paipu yenyewe ndiyo ilikuwa njia ya ethi, hakukuwa na waya wa kijani. Hewa ya chumvi imekula maungio, ukuta umebomolewa na kujengwa upya, kipande cha chuma kimetolewa kikawekwa cha plastiki, njia ikakatika. Soketi zimebadilishwa zikawa mpya zinazong'aa, lakini ukizifungua nyuma unakuta nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi.

Fundi alianza kwa kupima kabla ya kutaja bei, na hilo nampa alama zote. Kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) mita ilisoma kama volti 230, kawaida. Kati ya laivu na ethi ilisoma kama 110. Namba hiyo ya nusu ni dalili ya ethi inayoelea: vifaa vyenye chaja za kisasa vina vikapasita viwili vidogo vinavyounga laivu na nyutro kwenye bodi, ethi isipokwenda popote bodi inakaa katikati ya volti. Ndiyo hiyo inayotekenya vidole.

Soketi mbili zilionekana nzima kwenye testa ya taa tatu, ile ya kuchomeka kwenye soketi. Alipozifungua akakuta kipande cha waya kimetoka nyutro kwenda ethi, palepale nyuma ya soketi. Ujanja huu umejaa mjini na ni hatari kuliko kukosa ethi kabisa. Siku nyutro ikilegea au ikikatika, volti 230 zinahamia kwenye bodi ya friji au mashine ya kufulia, na hakuna breka itakayoshuka. Testa ya taa tatu haiwezi kuugundua, kwa kuwa kwake nyutro na ethi ni kitu kimoja. Lazima soketi ifunguliwe.

Sasa rodi. Ghorofa ya tatu huchomeki rodi, kwa hiyo tuliomba ruhusa kwa msimamizi wa jengo tukachimba uani, mbali na mabomba ya maji na shimo la maji taka. Rodi ya kwanza ya mita 1.2, ya milimita 16, ilipopimwa kwa mita ya ardhi ya vijiti ilitoa omu 140 (ni upinzani wa ardhi, ukiwa mdogo ndiyo bora). Akaunga ya pili juu yake kwa kapla akaipigilia, kina kikawa mita 2.4, ikashuka hadi omu 60 kwa sababu chini mchanga una unyevu zaidi. Kule pwani yenye mwamba wa matumbawe rodi inaweza kugoma kushuka; hapo chomeka mbili kando kando, zikiachana angalau urefu wa rodi moja. Kutoka kwenye klampu, kibano kinachoshika waya kwenye rodi, ulipanda waya wa kijani na njano wa milimita 16 za mraba, ndani ya paipu ya plastiki, hadi kwenye meni swichi. Alikataa kuunga kwenye bomba la maji, na yuko sahihi: bomba likibadilishwa kipande cha plastiki chini, ethi inakufa na jirani anapigwa shoti akifungua koki.

Omu 60 zinatosha? Piga hesabu. Laivu ikigusa bodi ya friji, umeme unaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 60, haufiki hata ampea 4. Breka ya ampea 20 haitajua kama kuna tatizo, na bodi itaendelea kuwa na umeme usiku kucha. Anayekata ni RCD ya miliampea 30 (swichi inayojizima ikiona umeme unaorudi ni pungufu ya uliotoka), na kwake omu 60 ni sawa kabisa: 60 mara 0.03 ni volti 1.8, wakati kikomo cha volti kwenye bodi ni 50. Fundi anayekuwekea rodi bila RCD amekuachia hatari ileile. Tuliweka ya ampea 63, pole mbili, aina A badala ya AC, kwa kuwa A huhisi pia uvujaji wa vifaa vya kielektroniki kama mashine ya kufulia na kiyoyozi cha inveta.

Ndani ndiko kazi ilikuwa nzito. Palipokuwa na nafasi kwenye paipu walivuta waya wa ethi wa milimita 2.5 za mraba sambamba na zile za zamani. Palipojaa wakapitisha tranki ya plastiki juu ya ukuta. Si nzuri machoni, ila kulazimisha waya wa tatu kwenye paipu iliyojaa kunachuna ganda la waya kuukuu. Hita ya kuogea ya kilowati 5.5 ilipewa waya wake wa milimita 6 za mraba na breka yake ya ampea 32. Makasha ya chuma nyuma ya soketi nayo yaliungwa ethi, jambo ambalo mafundi wengi wanaruka.

Baada ya kuwasha, RCD ilishuka kila pasi ilipochomekwa chumbani, lakini taa na chaji za simu hazikuishusha. Hiyo ni alama ya nyutro kugusana na ethi mahali fulani: mzigo ukiwa mkubwa, sehemu ya umeme unaorudi inapita kwenye ethi na RCD inaona upungufu. Kweli, nyuma ya kabati kulikuwa na soketi ya tatu yenye kile kipande cha waya. Fundi asiyejua angesema RCD ni mbovu akaitoa. Kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, jueni pia kwamba hita yenye koili iliyo wazi ndani ya maji inaweza kuvujisha umeme ukatosha kuishusha.

Vifaa nilinunua Kariakoo. Kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa: ikitokea nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha. Rodi yenyewe huwa na moyo wa chuma, sumaku kuishika si kosa. Kosa ni shaba inayobanduka kwa kucha.

Kitufe cha T (cha kujaribia) kwenye RCD nakibonyeza kila miezi mitatu, ila kinapima RCD tu. Kitashuka vizuri hata kama waya wa ethi umeng'oka, kwa hiyo kisikupe imani kuhusu rodi. Omu 60 zilipatikana mwishoni mwa masika, udongo ukiwa na maji. Ipimwe tena mwezi wa tisa au wa kumi kabla ya vuli, na ikizidi 200 iongezwe rodi.

Ambacho hakikuniridhisha: klampu ilifukiwa kwenye udongo bila kisanduku cha ukaguzi, ingeoza bila mtu kuona. Alirudi akakiweka baada ya kudaiwa. Karatasi ya vipimo nayo haikuwepo mpaka nilipoiulizia. Iandikeni kwenye makubaliano mapema: omu za rodi, muda wa RCD kukata kwa miliampea 30 (isizidi milisekunde 300) na kwa 150 (isizidi 40), na usomaji wa mega (kipimo cha ubora wa ganda la waya) kwa kila sakiti. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mfukoni hadi karatasi hiyo iletwe.