Kapasita za kununua kwa ajili ya redio ya valvu: anza na ile inayounguza transfoma

Ukirithi redio ya valvu, tuseme Philips ya mezani ya miaka ya 1950, ya rika la zile zilizokuwapo BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, usiichomeke kwenye umeme kwanza. Valvu zake huenda bado ni nzima. Zinazochoka ni kapasita, vile vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme, na huko ndiko pesa yako iende. Nazipanga hapa kwa ukubwa wa hasara unayoikwepa.

Ya kwanza: kapasita za filamu, volti 630. Kuna moja inayopeleka sauti kwenye gridi, yaani mlango wa kuingilia sauti, ya valvu ya mwisho inayoendesha spika, mara nyingi EL84. Ya zamani ni ya karatasi iliyofungwa kwa nta, na ikishaingia unyevu huanza kuvuja. Hapo gridi inapata volti chanya, valvu inavuta umeme kupita kiasi, na transfoma ya spika inaungua. Kapasita utaipata kwa bei ndogo. Transfoma ile utaitafuta miezi, pengine usiipate. Ndiyo maana fundi akiniambia ana pesa ya kubadilisha kapasita moja tu, namwambia aanze na hii.

Nunua ya poliesta au polipropilini kutoka WIMA, Kemet, Vishay au Panasonic. Aina hizo mbili watu huzibishania sana kwa sauti. Kwenye redio ya spika moja mimi sijasikia tofauti, kwa hiyo chukua inayopatikana. Thamani ifuate ile ya zamani, kwa kawaida mikrofaradi 0.01 hadi 0.047. Ukishailehemu, washa na upime pini ya 2 ya EL84: mita isionyeshe volti chanya.

Ya pili: elektroliti za kusafisha umeme. Hizi zikichoka redio inanguruma. Zikipiga shoti zinaondoka na valvu ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC. Nichicon, Rubycon, Panasonic na Nippon Chemi-Con za nyuzi 105 ndizo ninazoziamini, kwa sababu ndani ya boksi la mbao lenye valvu tano kuna joto kali. Ya nyuzi 85 itafanya kazi, ila haitadumu sawa. Penye volti 350 weka 450. Penye mikrofaradi 32 weka 33, penye 50 weka 47. Ongeza volti, lakini usirundike mikrofaradi: kapasita ya kwanza baada ya EZ80, ikiwa hiyo ndiyo valvu ya kugeuzia umeme, isizidi 50, ndicho kikomo cha valvu hiyo.

Hapa pia ndipo bandia zilipojaa. Niliwahi kununua moja nene, imeandikwa volti 450, ikafura siku ya pili. Nilipoipasua nikakuta kapasita ndogo imefichwa ndani ya kopo kubwa. Tangu hapo naagiza kwa wasambazaji kama Mouser, Farnell au RS. Usafirishaji unauma, kwa hiyo tunachanga mafundi watatu au wanne tunaagiza mara moja. Ukinunua Kariakoo au Luthuli Avenue, nenda na mita ya kupimia kapasita na upime kabla ya kulipa.

Kapasita inayogusa waya wa umeme wa ukutani siipangii namba, maana hiyo ni roho ya mtu. Kati ya waya mbili za umeme weka yenye alama X2. Kati ya umeme na chasisi weka Y2. Ya kawaida, hata iwe ya volti 1,000, haikubaliki pale.

Za mwisho: zilizong'olewa kwenye televisheni mbovu, nzuri kwa majaribio ya mezani tu. Chini yake kabisa ni kapasita za karatasi za zamani "ambazo hazijawahi kutumika". Zimezeekea kwenye boksi kama wenzake walivyozeekea kwenye redio. Usizinunue hata kwa bei ya karanga.

Za maika na seramiki ziache zilipo, ni nadra kuharibika.

Siku ya kuwasha, unganisha balbu ya waya ya wati 60 mfululizo na redio. Ikiwaka kwa nguvu na isififie, zima, kuna shoti bado.